Mlinzi wa punje ya mahindi hana bei sokoni

Mnunuzi wa mahindi akifika katika soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, hana mambo mengi ya kuuliza. Huchoma gunia kwa bambo, akamwaga punje kiganjani, akatazama rangi, akanusa kama kuna harufu ya ukungu, akang'ata punje moja kusikia kama imekauka. Baada ya hapo mazungumzo yanayobaki ni ya bei na uzito.

Ndani ya punje ile ile aliyoing'ata kuna kitu ambacho hakuna dalali anayekitaja. Ni protini ambayo mmea wa mahindi huitengeneza shambani, huihifadhi katika sehemu ya wanga ya punje, na ambayo kazi yake inayojulikana ni kuzima viwanda vya protini ndani ya chembe hai. Wataalamu huiita b-32. Ni mmoja wa walinzi wa punje dhidi ya kuvu na wadudu.

Mlinzi huyo hana bei, hana daraja katika viwango vya nafaka, wala hapimwi mpakani. Hata hivyo historia yake inamgusa mfanyabiashara kwa njia mbili. Kwanza, jeni inayomwongoza ndiyo hiyo hiyo iliyozaa mahindi ya lishe, bidhaa ambayo sokoni ilianza kwa kishindo kisha ikaanguka. Pili, habari yake inaeleza kwa nini hakuna mbegu inayoweza kumwondolea mwenye ghala gharama ya kukausha.

KISU KILICHOFUNGWA

Kila chembe hai ina ribosomu, ambazo ni viwanda vidogo vya kutengeneza protini. Ribosomu zikisimama, chembe hufa. Mimea mingi ina protini zinazosimamisha viwanda hivyo. Iliyo maarufu kuliko zote ni risini, iliyomo katika mbegu za nyonyo, ambazo wengine huziita mbarika.

Mwaka 1987 watafiti wa Kijapani, Endo na Tsurugi, walionyesha jinsi risini inavyofanya kazi. Katika ribosomu kuna uzi mrefu wenye herufi za kikemia maelfu kadhaa. Risini huondoa herufi moja tu, adenini moja mahali maalumu, na kiwanda chote husimama. Molekuli moja ya risini huweza kuzima ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika moja.

Protini ya mahindi ni ya ukoo huo, lakini mlaji wa ugali hana haja ya kuogopa. Risini ina sehemu mbili: moja ya kukata, na nyingine ya kushika chembe ya mwili na kuiingiza ndani ile inayokata. Protini ya mahindi haina sehemu hiyo ya kushika. Aidha, upishi huiharibu kama unavyoharibu protini nyingine nyingi.

Zaidi ya hayo, mahindi huihifadhi ikiwa imefungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walieleza kwamba protini hii hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada katikati, chenye asidi amino 25. Kipande hicho kikiwepo, kisu hakikati. Punje inapoanza kuota, vimeng'enya hukiondoa pamoja na vipande vidogo vya mwanzoni na mwishoni, na protini hubaki na minyororo miwili inayofanya kazi.

Kwa lugha ya ghala, punje hulala na silaha iliyo katika ala. Wakati wa hatari kubwa kwa mbegu ni pale inapoingia udongo wenye unyevu na kuvu wengi, na hapo ndipo silaha huchomolewa.

SWICHI MOJA, KAZI MBILI

Sasa tuje kwenye jeni. Mwaka 1981 watafiti wa Italia, akiwamo Francesco Salamini, waliripoti kwamba wingi wa protini ya b-32 katika punje unategemea jeni iitwayo opaque-2. Punje zenye jeni hiyo iliyoharibika zilikuwa na b-32 kidogo mno. Mwaka 1991 ilithibitika kuwa opaque-2 hutengeneza protini inayoshika jeni ya b-32 na kuiwasha.

Kwa maneno mengine opaque-2 ni swichi. Haiwashi taa moja tu. Huwasha pia jeni za zeini, ambayo ndiyo akiba kubwa ya protini katika punje ya mahindi. Ni kama mtunza ghala mmoja anayeweka saini kwenye hati za mzigo na kwenye orodha ya walinzi wa usiku. Akiondoka huyo, mizigo hupungua na walinzi hupungua.

Mahindi yana jeni nyingine ya ukoo wa b-32, ambayo hufanya kazi katika sehemu nyingine za mmea na huongezeka mmea ukipata ukame. Ndugu huyo haongozwi na opaque-2, lakini si yeye anayejaza akiba katika punje.

Hapa ndipo biashara inapoingia. Zeini, pamoja na wingi wake, ni protini duni kwa mlaji kwa sababu karibu haina laisini, asidi amino ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Mwaka 1964 Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba mahindi yenye opaque-2 iliyoharibika yana laisini nyingi kuliko ya kawaida. Swichi ilipozimwa zeini ilipungua, na nafasi yake ikachukuliwa na protini nyingine zenye laisini na triptofani. Asidi hizo mbili hufikia takriban mara mbili ya zile za mahindi ya kawaida.

Kwa nchi ambazo watoto huachishwa ziwa kwa uji wa mahindi, habari hiyo ilikuwa kubwa. Wengi waliamini kwamba tatizo la utapiamlo limepata dawa inayopandwa shambani.

SOKO LILIVYOKATAA

Soko halikukubali. Punje za opaque-2 zilikuwa laini kama chaki na nyepesi, hivyo debe lilijaa bila kufikisha uzito. Mavuno yalikuwa pungufu. Punje zilichelewa kukauka, zilioza kwa urahisi zikiwa bado shambani, na ghalani fukusi walizitoboa kabla ya kugusa mahindi ya kawaida.

Ulaini ndio uliobeba lawama kubwa, na kwa haki: jino la mdudu hupita kwa urahisi katika wanga uliolegea, na unyevu hukaa humo kwa muda mrefu. Lakini jeni inatuambia kwamba punje ile ilikuwa imepungukiwa pia na sehemu ya ulinzi wake wa kikemia. Swichi iliyozimwa ili kuongeza laisini ilipunguza b-32 kwa mkono ule ule.

Mkulima hakuwa na sababu ya kuchukua hasara hiyo. Mnunuzi alimlipa kwa kilo, wala hakumwongezea senti kwa ajili ya laisini. Faida ilikuwa ya mtoto anayekunywa uji, na mtoto huyo hakuwapo wakati wa kupanga bei. Kufikia miaka ya 1970 fedha nyingi za utafiti wa opaque-2 zilikuwa zimeelekezwa kwingine.

Waliobaki na kazi hiyo ni pamoja na Surinder Vasal, mtaalamu wa mbegu kutoka India, na Evangelina Villegas, mkemia wa Mexico, katika kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, nchini Mexico. Waliendelea kuchagua punje chache zilizokuwa ngumu ijapokuwa zilibeba opaque-2 iliyoharibika, wakizipima laisini kizazi baada ya kizazi. Matokeo yalikuwa mahindi yenye protini bora na punje ngumu, na mwaka 2000 wawili hao walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Ghana ilitoa mbegu ya aina hiyo iitwayo Obatanpa mwaka 1992. Tanzania nayo ilipata Lishe H1, Lishe H2 na Lishe K1 kupitia watafiti wa Selian, Arusha, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jambo moja linafaa kukumbukwa na kila anayefikiria kuwekeza katika mahindi hayo. Ugumu ulirudishwa na jeni nyingine. Swichi ya opaque-2 yenyewe haikurudishwa, kwa sababu ikirudi, laisini huondoka. Kwa hiyo mahindi ya lishe yanauzwa yakiwa na punje ngumu, huku jeni inayoamuru b-32 ikiwa bado imezimwa.

HATAZA BILA DUKA

Je, kampuni za mbegu hazikuona fedha katika mlinzi huyu? Ziliona. Mwaka 1993 kampuni ya DowElanco ilipewa hataza nchini Marekani juu ya jeni ya protini hii ya mahindi, ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Hataza hiyo imekwisha muda wake, na biashara ya mbegu ya kampuni hiyo, ambayo baadaye iliitwa Dow AgroSciences, leo imo ndani ya Corteva.

Maabara nazo zilitoa matokeo ya kutia moyo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba tumbaku iliyopandikizwa jeni ya b-32 ilistahimili zaidi kuvu wa Rhizoctonia solani. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba protini ya mahindi huvuruga ukuaji wa Aspergillus flavus, kuvu anayetengeneza sumukuvu ya aflatoksini. Mwaka 2003 tumbaku yenye protini hiyo iliyofunguliwa ilipunguza uharibifu wa wadudu, na mwaka 2007 ngano yenye b-32 ilipunguza ugonjwa wa masuke unaoletwa na Fusarium.

Lakini mahindi yaliyoingia sokoni Marekani mwaka 1996 yakiwa na kinga ya kupandikizwa dhidi ya wadudu yalikuwa ya Bt, yaani yenye jeni kutoka kwa bakteria. Sababu ya kibiashara si ngumu kuiona. Bt humuua funza anayemtafuna, na mkulima huona tofauti kwa macho yake msimu ule ule. Protini ya mahindi hupunguza tu. Kitu kinachopunguza hasara kwa kiasi, tena kikisaidiwa na walinzi wengine, ni vigumu kukiandikia tangazo kwenye mfuko wa mbegu.

PUNJE HAI NA PUNJE ILIYOKUFA

Kuna matokeo mengine yanayomhusu moja kwa moja mwenye ghala. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba punje hai zikianza kuota huongeza protini zinazopinga kuvu, ikiwamo hii ya kuzima ribosomu, na Aspergillus flavus hupungukiwa na nguvu ya kuzishambulia.

Maana yake ni kwamba sehemu ya ulinzi hutegemea uhai wa punje. Punje iliyovunjika kwa kupigwa fimbo ndani ya gunia, iliyotobolewa na fukusi, au ambayo kiini chake kimekufa kwa joto la lundo lililofunikwa mbichi, haina tena uwezo huo. Imebaki wanga, na wanga wenye unyevu ni chakula cha kuvu.

Gharama ya kutojali jambo hili inajulikana. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini, mengi yakiwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yaani katika eneo lile lile linalolisha magari ya Kibaigwa.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka za Kenya zilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katika siku chache mlango ulifunguliwa tena, lakini kwa masharti ya usajili wa waingizaji na cheti kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. Wenye magari yaliyokuwa njiani wakati huo hawahitaji kuelezwa maana ya siku moja mpakani.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Lori la tani 30 likijazwa mahindi yaliyo kwenye kiwango hicho hasa, sumu yote iliyomo ndani yake ni gramu 0.3, iliyotawanyika katika magunia 300. Haionekani, hainuki, na haiondoki kwa kupikwa. Tena haitawanyiki sawasawa: punje chache zilizooza zinaweza kuharibu kipimo cha shehena nzima.

HESABU YA UNYEVU

Kiwango hicho hicho cha Jumuiya kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Hapa ndipo mfanyabiashara anapojaribiwa, kwa sababu maji nayo yana uzito.

Tuseme mtu amenunua magunia 300 ya kilo 100, yenye unyevu wa asilimia 18, kwa Sh. 70,000 kila gunia. Ametoa Sh. milioni 21. Akiyakausha hadi asilimia 13.5, kila kilo 100 hubaki kilo 94.8. Shehena yake inakuwa magunia 284.4. Magunia 15.6 yamekwenda na jua, na kwa bei aliyonunulia hiyo ni Sh. 1,092,000, kabla ya kulipa vibarua na turubai.

Ili arudishe fedha yake tu, lazima auze gunia kavu kwa takriban Sh. 73,840. Mnunuzi asiyekuwa na kipima unyevu hatampa hiyo Sh. 3,840 ya juu, maana kwake gunia ni gunia. Katika soko la namna hiyo anayekausha anaadhibiwa na anayeuza maji analipwa. Si ujinga wa mkulima unaoleta mahindi mabichi sokoni, ni bei.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Shehena ikikataliwa kiwandani au mpakani, kinachopotea si magunia 15 bali bei ya magunia 300, kwani mahindi hayo yatashushwa na kuuzwa kwa yeyote atakayeyachukua, huku gari likidai fedha ya kusubiri. Kwa mfano wetu, kukausha kunagharimu zaidi kidogo ya asilimia 5 ya mtaji. Mtu anayepeleka gari ishirini kwa msimu, ikikataliwa moja tu na kupoteza thamani yake yote, tayari amepoteza karibu asilimia hiyo hiyo. Zikikataliwa mbili, aliyekausha amemshinda.

MWEKEZAJI ATAZAME NINI

Kwa mwenye kununua na kuhifadhi, mbegu haimwondolei kazi. Kinga ya jeni hutengenezwa shambani mara moja. Ghalani haiongezwi. Kinachowezekana ni kutoiharibu: kupukuchua bila kuvunja punje, kukausha upesi, kupima kwa kipima unyevu badala ya meno, kuchukua sampuli kutoka magunia mengi badala ya mawili yaliyo karibu na mlango. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini ikijazwa mahindi mabichi huwa imefunga tatizo ndani. Dawa ya ghalani nayo huua fukusi, haiondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia.

Kwa anayefikiria mahindi ya lishe, swali la kwanza liwe la mnunuzi, ndipo lifuate la mbegu. Kiwanda cha unga wa watoto au cha chakula cha kuku kinachohitaji laisini kinaweza kulipia sifa hiyo kwa mkataba. Soko la kawaida halilipi, kama lilivyokataa kulipa miaka ya 1960 na 1970.

Mkataba huo pia unamdai muuzaji uangalifu. Sifa ya opaque-2 hujificha ikikutana na jeni ya kawaida, hivyo chavua ya shamba la jirani ikiangukia gunzi, punje zilizochavushwa hivyo hurudi kuwa za kawaida msimu ule ule. Kwa macho hazitofautiki vizuri, kwa kuwa zote ni ngumu. Anayeuza kwa jina la lishe lazima atenge shamba lake, anunue mbegu iliyothibitishwa, na akubali kupimiwa maabara. Na kwa kuwa punje zake zina upungufu wa b-32, bajeti ya kukausha na kuhifadhi isiwe pungufu ya ile ya mahindi ya kawaida.

Kwa anayeuziwa habari za mbegu mpya inayojilinda yenyewe, aulize inajilinda dhidi ya nini, wapi, na kwa kiasi gani. Aulize pia kama kinga hiyo ni ya shambani au ya ghalani. Muuzaji mkweli atakuwa na jibu kwa kila swali.

Mahindi yatakayoshushwa Kibaigwa msimu ujao yatakuja na b-32 yake kama kawaida, mengine nyingi, mengine kidogo, na hakuna atakayeilipia. Siku wanunuzi wengi watakapokuja na kipima unyevu pembeni ya mizani, na kuitaja ile Sh. 3,840 kwa sauti wakati wa kupatana bei, mkulima atakuwa na sababu ya kuyaacha mahindi juani siku mbili zaidi. Hadi siku hiyo, kipimo cha soko kinabaki kuwa jino la mnunuzi.